Zege, Soda na Kilomita: Mwongozo Kamili wa Mlo kwa Mkimbiaji wa Dodoma

Mkimbiaji anayeamka saa kumi na moja alfajiri kupanda vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), halafu jioni akaishia kwenye kibanda cha chipsi, mara nyingi hajakosa nidhamu. Amekosa chakula cha mchana. Saa mbili alikunywa chai ya rangi na andazi moja, saa saba akala kidogo tu ili "asiharibu mazoezi", na kufika saa kumi na mbili jioni mwili unadai haki yake yote kwa mkupuo. Kwa njaa ile hakuna anayeagiza nusu sahani.

Ndiyo maana hatuanzi na orodha ya vyakula vya kukataa. Tunaanza na kushiba kwa mpangilio, kisha tunavipa nafasi vya raha: zege (chipsi mayai), mishkaki, soda, maandazi, divai, nyama ya mnadani. Hesabu zote hapa ni za mtu wa kilo 65, hivyo punguza au ongeza kulingana na uzito wako. Mwenye kisukari, presha au vidonda vya tumbo, na mama mjamzito, aongee kwanza na daktari wake.

Hatua ya 1: Jua mbio zinachoma nini hasa

Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi: kila kilomita moja huchoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 akikimbia kilomita 10 amechoma kama kalori 650. Kasi haibadilishi sana hesabu hii. Umbali, uzito na milima ndivyo vinavyoamua.

Sasa tazama sahani. Zege ya kawaida yenye chipsi gramu 250, mayai mawili na mafuta ya kukaangia hukaribia kalori 1,000. Ongeza soda ya chupa ya mililita 350, yenye sukari gramu 37 hivi na kalori karibu 150. Hapo umekula kilomita 17 na ushee. Anayesema "nitazikimbia kesho" hajapiga hesabu, na akijaribu kweli kuzikimbia, goti litamjibu kabla ya tumbo.

Anayekimbia kilomita 40 kwa wiki huchoma kalori 2,600, yaani 370 kwa siku. Hiyo ni nyongeza ya sahani ndogo ya wali maharage kila siku. Si ruhusa ya kula chochote, lakini pia si kitu cha kupuuza: asiyekula nyongeza hiyo ndiye yule wa saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya 2: Jenga msingi wa siku

Kwa mazoezi ya saa moja hivi kwa siku, mwili unahitaji wanga gramu 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 65 ni gramu 325 hadi 455. Protini ni gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kilo, yaani 78 hadi 104. Vyote vinapatikana Soko la Majengo bila kununua unga wa protini wa kopo:

- Asubuhi, baada ya mbio: uji wa ulezi (unga gramu 60, kikombe cha maziwa, kijiko kimoja cha chakula cha sukari), viazi vitamu viwili vya kuchemsha na mayai mawili. Wanga kama gramu 125, protini 29.
- Mchana: wali wa mchele gramu 130 (theluthi mbili za kikombe cha mililita 250, kabla ya kupika) na kikombe kizima cha maharage yaliyoiva. Wanga 140, protini 24.
- Saa kumi jioni: ndizi mbivu mbili na konzi ya karanga, gramu 30. Wanga 55, protini 9 hadi 10.
- Usiku: ugali wa unga gramu 100, dagaa wakavu gramu 30, mchicha au mlenda. Wanga 75, protini kama 27.

Jumla inakaribia wanga gramu 395 na protini 90. Usiyemiliki mizani, kikombe cha mililita 250 kikijaa unga wa mahindi ni kama gramu 120. Pima mara chache mwanzoni, baadaye jicho litazoea.

Kile kitafunwa cha saa kumi ndicho watu hukiruka, nacho kinafanya kazi kuliko vyote. Ndizi na karanga kabla ya kutoka ofisini zinamaanisha ukipita kibandani unachagua, huburuzwi.

Kuhusu unga: uwele na mtama, chakula cha Wagogo tangu zamani, vina madini chuma na nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na mkimbiaji hupoteza madini chuma zaidi ya mtu wa kawaida, hasa mwanamke anayepata hedhi. Ila chuma cha nafaka na mboga hufyonzwa kwa shida. Kinasaidiwa na vitamini C: kamulia limao kwenye mboga, au kunywa juisi ya ubuyu iliyolowekwa kwenye maji ya baridi, kwa kuwa kuchemsha kunapunguza vitamini hiyo. Kinazuiwa na chai. Kikombe cha chai juu ya ugali na dagaa kinakupunguzia chuma ulichokula, basi kisogeze mbele kwa saa moja.

Hatua ya 3: Tenga mfuko wa wiki

Mkimbiaji wa kilo 65 mwenye mazoezi ya kawaida hula kama kalori 2,600 kwa siku, au 18,200 kwa wiki. Tunashauri utenge asilimia 10 kwa vya raha: kalori 1,800 hivi. Ukiwa kwenye wiki ya kilomita nyingi, unaweza kufika asilimia 15. Mfuko ni wa wiki, si wa siku, kwa sababu maisha hayaji kwa siku: kuna harusi Jumamosi na hakuna kitu Jumanne.

Bei za kalori, kwa makadirio:

- Zege sahani moja: 1,000
- Chipsi kavu gramu 200: 600
- Andazi moja la kati: 200
- Chapati moja: 250 hadi 300
- Soda mililita 350: 150
- Bia mililita 500: 200 na zaidi kidogo
- Divai mililita 150: 120
- Karanga za kukaanga gramu 100: 570

Mfuko wa 1,800 unabeba zege moja, soda mbili na maandazi mawili, ukabakiwa na chenji. Au bia mbili, chipsi kavu na maandazi manne. Usiandike kila tonge kwenye daftari. Kinachotakiwa ni kujua vitu vikubwa viwili au vitatu vya wiki viko siku gani.

Angalia na kinachoingia bila kuonekana. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni gramu 36 hadi 45 za sukari, sawa na soda moja kila siku ambayo hukuifurahia. Punguza kijiko kimoja kwa wiki mbili, kisha kingine. Ulimi huzoea, na mfuko unabaki kwa kitu unachokipenda kweli.

Hatua ya 4: Weka raha kwenye saa yake

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Sahani ileile inaweza kukujenga au kukulaza, kutegemea imeangukia wapi.

Saa bora ni baada ya mbio ndefu. Misuli imekauka wanga na inaupokea haraka, na una siku nzima mbele kabla ya mazoezi mengine. Chukua supu ya mbuzi na chapati mbili Jumapili asubuhi: wanga gramu 80, protini 25 ukipata nyama ya kutosha, maji na chumvi ulivyotoka jasho. Wengi huila kwa kujificha kama kosa, wakati ni mlo wa kurudisha nguvu kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina hilo. Engua mafuta yanayoelea juu, hasa kwenye makongoro, kamulia ndimu, basi.

Saa ya pili kwa ubora ni mchana wa siku ya kupumzika. Saa mbaya ni usiku wa kuamkia mbio ndefu. Mafuta huchelewa kutoka tumboni, na zege ya saa tatu usiku inaweza kuwa bado inakusumbua saa kumi na mbili asubuhi: kiungulia kwenye mlima, kichomi, na kukimbilia vichakani. Nayo chakula cha mafuta huchukua nafasi ya wanga uliotakiwa kulala kwenye misuli.

Mnada wa Msalato, penye nyama choma, uko Jumamosi, na mbio ndefu za wengi ziko Jumapili. Suluhisho la wazi ni kukimbia Jumamosi alfajiri, kisha mnadani mchana ukiwa na haki zako zote. Isipowezekana, nenda mnadani mapema, kula nyama kabla ya saa tisa, na usiku maliza kwa wali au viazi vya kuchemsha na mboga kidogo.

Hatua ya 5: Jifunze kuagiza

Kibandani, mafuta ya zege huingia mara mbili: kwenye chipsi, na kwenye kikaango kabla ya mayai. Ya kwanza huyawezi sana, ya pili unayaweza. Mwambie muuzaji apunguze mafuta ya kikaangoni, aongeze yai la tatu na apunguze chipsi. Kijiko kimoja cha mafuta ni kalori 120, na mimino ya bure ya kibandani huwa viwili au vitatu. Chipsi zilizokaangwa asubuhi zikapoa, kisha zikarudishwa kwenye mafuta kupashwa moto, hunywa mafuta zaidi. Nenda wakati wa wateja wengi zinapotoka mbichi.

Kwenye nyama choma, robo kilo kwa kichwa inatosha. Ikiiva na mfupa ukitoka unapata protini gramu 30 hivi. Mbuzi na paja la ng'ombe vina mafuta kidogo kuliko mbavu na kitimoto. Agiza ndizi choma au ugali badala ya chipsi. Kosa la mnadani si nyama, ni kukaa masaa manne ukichovya huku kilo ikiongezwa juu ya kilo. Gawa fungu lako kwenye sahani yako mwanzoni. Mahali penye mchemsho, mchemsho wa kuku au mbuzi na viazi unashinda vyote kwa mkimbiaji, nao ni mtamu.

Kwenye harusi na kipaimara, usiende na njaa ukisubiri chakula cha saa tano usiku. Kula nusu ya mlo wako nyumbani saa kumi na mbili. Kule utachukua pilau kwa kiasi na keki yako kwa amani.

Zege ya nyumbani kwa wawili

Viazi mbatata nusu kilo, mayai matatu au manne, mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya chakula, kitunguu, pilipili hoho, chumvi.

Kata viazi vinene, sentimita moja na nusu. Vipande vyembamba vina uso mwingi na hunywa mafuta mengi. Loweka maji ya baridi dakika 20 kutoa wanga wa juu unaofanya vigandane. Chemsha dakika 5 kwenye maji ya chumvi yenye kijiko cha siki ili visivunjike. Mwaga maji, tandaza hadi mvuke uishe na uso ukauke. Pasha mafuta vijiko viwili kwenye kikaango kipana, panga viazi safu moja, moto wa kati, geuza kwa dakika 12 hadi 15 mpaka viwe rangi ya dhahabu. Ongeza kijiko cha mwisho cha mafuta, mimina mayai yaliyopigwa na kitunguu na hoho, funika dakika 3, geuza, dakika 2.

Vikitoka laini na vyenye mafuta, sababu ni mojawapo ya hizi: viazi vilikuwa na maji, mafuta hayakupata moto, au ulivirundika na moto ukashuka. Kwa mtu mmoja ni kalori 500 hadi 550, karibu nusu ya ile ya kibandani, na hautaona tofauti kubwa ukiweka kachumbari na pilipili.

Vitamu vinavyogeuka kuwa mafuta ya gari

Mbio zikizidi dakika 90, mwili unahitaji wanga gramu 30 hadi 60 kwa kila saa. Hapo vile vitu ulivyoambiwa upunguze vinakuwa vifaa vya kazi. Konzi ya zabibu kavu, gramu 40, ina wanga 30. Soda iliyofunguliwa usiku na kutikiswa hadi gesi iishe ina 37. Kanda yetu ina asali nzuri. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 17.

Kinywaji cha njiani: maji lita 1, asali vijiko vya chakula 3, chumvi robo kijiko cha chai, maji ya nusu limao. Ukiweka asali zaidi ya vijiko vitano, maji yanakaa tumboni yakicheza badala ya kufyonzwa. Asali ina fruktosi nyingi, na baadhi ya watu huharisha wakiinywa kwa wingi, hivyo jaribu kwenye mazoezi kabla ya mashindano.

Hewa ya Dodoma ni kavu na ina upepo, jasho linakauka kabla hujaliona. Pima uzito kabla na baada ya mbio ndefu: kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji, na unapaswa kurudisha lita moja na robo hadi na nusu kwa masaa yanayofuata, pamoja na chakula chenye chumvi. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, ndipo watu wengi hudharau jambo hili.

Msimu wa zabibu, beseni la barabarani lina raha ya bei nafuu: gramu 300 ni kalori 200 tu na wanga gramu 54. Zioshe vizuri. Kabla ya kukimbia kula chache, kwani zinaleta gesi.

Divai na bia

Pombe ina kalori 7 kwa gramu, inachelewesha kurudisha maji mwilini na inapunguza kasi ya misuli kujijenga. Baada ya mbio ndefu, kwanza kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe kiasi, kisha kula mlo wenye protini, ndipo glasi. Glasi mbili ndogo ni mwisho wa busara. Usiku wa kuamkia mbio ngumu, sifuri: usingizi wa pombe ni mwepesi hata ukilala masaa nane. Divai tamu ina sukari zaidi ya ile kavu, ikumbuke kwenye mfuko.

Yanayoharibika na sababu zake

Kufidia. Ulikula zege mchana, ukaruka chakula cha usiku "kusawazisha". Asubuhi miguu ni mizito, unakimbia vibaya, jioni una njaa mara mbili. Ukishakula, mlo unaofuata uwe wa kawaida kabisa.

Siku ya kujiachia. Jumapili nzima ya kula kila kilichokatazwa siku sita inaweza kumaliza kalori 3,000 za ziada bila taabu, zaidi ya kilomita 40 ulizokimbia. Mlo mmoja wa raha, sawa. Siku nzima, hapana.

Marufuku kamili. Anayeapa kutogusa sukari Januari hukutwa na keki Februari. Panga andazi la Ijumaa na ulile ukiwa umekaa.

Tumbo kuchafuka mazoezini. Mara nyingi ni maharage, mlenda, maziwa au mboga nyingi saa mbili au tatu kabla. Vyote ni vyakula vizuri, vihamishie baada ya mbio. Kabla ya mbio za zaidi ya saa moja na robo, vipande viwili vya mkate na asali au kiazi kitamu kimoja, saa moja kabla, vinatosha.

Kula pungufu kwa muda mrefu. Dalili ni kuumwa mara kwa mara, usingizi mbaya, maumivu ya mfupa yanayoongezeka ukikimbia, na kwa mwanamke hedhi kukoma. Ikikosekana miezi mitatu, nenda hospitali na usikubali anayesema ni kawaida ya wakimbiaji. Mifupa inavunjika kwa njia hiyo.

Wiki ya mashindano

NBC Dodoma Marathon katika miaka ya karibuni imekuwa ikifanyika Julai, asubuhi za baridi na upepo. Kwa kilomita 5 au 10 kula kama kawaida. Kwa nusu marathoni ongeza wali kidogo siku moja kabla. Kwa marathoni kamili, siku mbili kabla, panda hadi gramu 8 au zaidi za wanga kwa kilo, yaani gramu 520 kwa kilo 65, na hapo mfuko wa raha unabadilika sura: soda, mkate na jamu, wali mweupe na juisi vinakaribishwa, lakini chipsi, nyama ya mafuta na karanga vinasubiri. Badilisha ugali wa uwele na dona kwa sembe au wali, weka kando maharage na mlenda, na achana na kachumbari ya barabarani siku hizo mbili. Uzito ukipanda kilo moja au moja na nusu usiogope. Wanga hulala misulini pamoja na maji.

Siku ya mbio, kula saa mbili na nusu hadi tatu kabla ya kuanza, chakula ulichokwisha kijaribu mazoezini. Ukimaliza, ndani ya saa moja pata ndizi mbili, maziwa kikombe na mayai mawili. Nyama choma iwe mchana, ukishakojoa angalau mara moja, ishara kwamba maji yameanza kurudi mwilini.